MTAKATIFU LIOBA, MAMA ALIYEFUNDISHA UGENINI



Katika kijitabu hiki mmesoma habari za hisa, za mikopo, na za safari yetu ya miaka kumi. Sasa tunaomba mpumzike kidogo na hesabu, tuwaletee maisha ya mama mmoja wa zamani sana. Jina lake si geni kwetu. Huko Songea, Ndanda na kwingineko walikofanya kazi Wabenediktini, utakuta akina mama na mabinti wanaitwa Lioba, wengine Walburga, wengine Tekla. Wengi wamebatizwa kwa majina hayo bila kuelezwa wenye majina walikuwa nani.

Hatukumchagua Lioba kwa sababu ya dini peke yake. Kikundi chetu kina mama Wakristo na mama Waislamu, na wote tunakaa benchi moja. Tumemchagua kwa sababu alikwenda nchi ya ugenini akiwa na wanawake wenzake, wakajenga kitu, kitu hicho kikasingiziwa, na bado hakikuvunjika.

KUZALIWA KWAKE

Lioba alizaliwa kiasi cha mwaka 710 katika ufalme wa Wessex, kusini mwa Uingereza. Wakati ule Waingereza wenyewe walikuwa Wakristo wapya. Mfalme wa kwanza wa Wessex kubatizwa alibatizwa mwaka 635, yaani ni kama wakati wa bibi na mabibi zake Lioba.

Baba yake aliitwa Dynne na mama yake Aebbe. Walikaa miaka mingi bila mtoto mpaka wakakata tamaa. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Aebbe aliota amebeba kengele ya kanisa kifuani, na alipoitoa ikalia. Alikuwa na yaya wake mzee, mtumwa wa nyumba ile. Yaya akamwambia kwamba atazaa binti, na binti huyo amtoe kwa Mungu kama Hana alivyomtoa Samweli. Kweli akazaa. Kwa furaha yake Aebbe akampa yule yaya uhuru wake. Kwa hiyo kabla Lioba hajajua kutembea, mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kupata faida kwa ajili yake.

Jina lake kamili lilikuwa Thrutgeba, lakini watu walimwita Leoba au Lioba, maana yake mpendwa. Jina la upendo ndilo lililobaki.

MALEZI YA WIMBORNE

Alipokuwa msichana alipelekwa katika monasteri ya Wimborne. Huko kulikuwa na nyumba mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, kila moja na ukuta wake mrefu. Mwanamume hakuingia upande wa wanawake isipokuwa padre anayekwenda kusoma Misa, na akimaliza anatoka. Mama mkuu aliitwa Tetta, mwanamke wa ukoo wa kifalme.

Habari mbili za Wimborne zinafaa sana kwa kikundi kama chetu.

Ya kwanza ni ya funguo. Sista mtunza kanisa alifunga milango usiku, kisha funguo zikampotea. Zilikuwa funguo nyingi, kwa sababu kila chombo cha thamani kilifungiwa mahali pake. Alfajiri akaenda kwa Mama Tetta kukiri kwamba hazioni. Tetta hakupiga kelele wala hakumwaibisha. Aliwachukua masista wote wakasali katika jengo jingine. Walipomaliza wakakuta mlangoni mbweha mdogo amekufa, funguo ziko kinywani. Kila mmoja anaweza kuipokea habari ya mbweha kwa imani yake. Sisi tunaangalia kwamba mtunza funguo alisema mapema, na mkubwa wake alisikiliza kwanza.

Ya pili ni ya sista mmoja aliyekuwa msimamizi wa wenzake. Alikuwa mkali kupita kiasi, na hakutaka kuomba radhi hata siku ya kufa kwake. Alipozikwa, masista vijana wakapanda juu ya kaburi lake, wakalikanyagakanyaga kwa hasira. Udongo ukadidimia, inasemekana kiasi cha nusu futi. Mama Tetta aliposikia akaogopa sana. Aliwaita, akawakemea kwa ukatili wao, akawaomba wasamehe, kisha akatangaza siku tatu za kufunga na kumwombea marehemu. Siku ya tatu udongo ukapanda ukawa sawa na ardhi. Jamani, ni kundi gani la wanawake lisilo na kaburi la namna hiyo linalokanyagwa?

Katika nyumba hiyo Lioba alisoma. Alisoma Maandiko, alisoma vitabu vya walimu wa Kanisa, na sheria za Kanisa pia. Kuna mwalimu mwingine, Eadburga, aliyemfundisha kutunga mashairi ya Kilatini. Mikono yake ilipopumzika na kazi ilishika kitabu.

Wakati mmoja aliota uzi wa rangi ya zambarau ukimtoka kinywani. Akauvuta, nao hauishi. Akauzungusha ukawa donge la uzi mpaka akachoka. Sista mzee aliyejua ndoto akafasiri kwamba uzi ni maneno ya hekima yatokayo moyoni, na kwamba atakwenda kuyatumia kwa watu wa mbali.

BARUA KWA BONIFASI

Wakati huo Mwingereza mwingine alikuwa Ujerumani. Jina lake la kuzaliwa ni Winfrid, na mwaka 719 Papa alimpa jina la Bonifasi. Huyu ndiye aliyesifika kwa shoka, kwa sababu huko Geismar aliukata mwaloni mkubwa ambao watu waliuheshimu kama mti wa Donar, mungu wa radi. Watu walingoja radi impige, haikumpiga, na mbao za mti ule akajengea kanisa dogo.

Lakini mti ukishaanguka, kazi ndiyo inaanza. Nani atakaa na watu? Nani atawafundisha watoto kusoma? Na chakula, nguo na vitabu vitatoka wapi? Hapa ndipo wanawake wanapoingia katika habari hii, na walianza kuingia kabla Lioba hajasafiri. Mama mmoja wa Uingereza aliyeitwa Bugga alimpelekea Bonifasi fedha, solidi 50, pamoja na kitambaa cha altare, akaona haya kwamba ni kidogo. Eadburga naye alipeleka vitabu na nguo. Mwaka 735 hivi Bonifasi alimwomba amwandikie nyaraka za Petro kwa herufi za dhahabu, apate kuwaonyesha wale aliokuwa akiwahubiri. Kazi ya mbali ilisimama kwa michango ya mama waliobaki nyumbani.

Kiasi cha mwaka 732 Lioba naye aliandika barua. Alikuwa kijana aliyefiwa na baba miaka minane kabla, na mama yake alikuwa mgonjwa. Yeye alikuwa mtoto wa pekee. Alimkumbusha Bonifasi kwamba yeye na Dynne walikuwa marafiki, na kwamba Aebbe ni ndugu yake wa damu. Akamwomba awe kaka yake, kwa kuwa hana kaka. Akatia zawadi ndogo. Mwishoni akaandika mistari minne ya shairi alilotunga mwenyewe, akaomba amsahihishe Kilatini chake. Barua hiyo ipo mpaka leo. Hebu fikiria, binti asiye na baba wala kaka anajitafutia ndugu kwa kalamu yake, naye anampata.

SAFARI YA UJERUMANI

Miaka kama 15 ikapita. Kiasi cha mwaka 748 Bonifasi alimwandikia Tetta akaomba wanawake wenye elimu waje kusaidia kazi, na akamtaja Lioba kwa jina. Tetta hakupenda kumwachia, lakini alimwachia.

Walioitika wito huo hawakuwa mmoja wala wawili. Tekla, ndugu yake Lioba, alikwenda kuongoza Kitzingen, kando ya mto Main. Mama mmoja aitwaye Chunihilt na binti yake Berthgyt wakafundisha Thuringia. Walburga alikwenda kwa kaka zake, na mwaka 761 kaka yake Wunibald alipofariki, yeye ndiye aliyeongoza monasteri ya Heidenheim, wanaume na wanawake pamoja. Wote walivuka bahari kwa vyombo vya zama zile, kisha nchi kavu siku nyingi, na wengi wao hawakuona tena kwao.

Lioba alipewa nyumba mahali palipoitwa Bischofsheim, siku hizi ni mji wa Tauberbischofsheim, kusini mwa Ujerumani. Kila sista alijifunza kusoma na kila sista alifanya kazi ya mikono. Mabinti waliofundishwa pale walitafutwa kuwa walimu na viongozi wa nyumba nyingine, hata ikasemekana kwamba karibu kila nyumba ya watawa wanawake ya eneo lile iliomba mwalimu kwa Lioba. Hakuwakalia wanafunzi wake. Aliwatoa.

Tabia yake inasimuliwa hivi. Alikuwa na sura ya uchangamfu, hakuna aliyemsikia akitukana, na jua halikuzama juu ya hasira yake. Kikombe chake cha kunywea kilikuwa kidogo mpaka masista wakakipa jina la utani, kidogo cha mpendwa. Wageni aliwapokea mwenyewe na kuwaosha miguu.

Alipenda pia watu walale. Baada ya chakula cha mchana, hasa wakati wa joto, alitaka kila mtu apumzike, kwa kuwa mtu asiyelala akili yake haishiki masomo. Yeye akilala, wasichana walimsomea Maandiko kwa zamu kando ya kitanda. Kumbe wakiruka neno makusudi kumjaribu, aliwasahihisha akiwa usingizini.

JARIBU KUBWA

Sasa tufike kwenye habari iliyotufanya tumchague.

Nje ya lango la monasteri aliishi msichana mmoja maskini, mlemavu, aliyekuwa akiomba. Masista walimlisha kila siku na kumvika. Msichana yule akapata mimba kwa siri. Akajifungua usiku, akamfunga mtoto kwa nguo na kumtupa katika maji kando ya monasteri. Asubuhi mwanamke wa kijijini alikwenda kuteka maji akakuta maiti ya mtoto.

Akapiga kelele, watu wakajaa. Akawasingizia masista. Akawakejeli kwamba mabikira hawa wanazaa, kisha wao wenyewe ndio makuhani wa kuwabatiza watoto wao majini. Akawaambia watu waangalie ni nani asiyekuwepo nyumbani, huyo ndiye mama wa mtoto. Na kwa bahati mbaya alikuwapo asiyekuwepo. Sista Agatha alikuwa amekwenda kwa wazazi wake kwa ruhusa.

Mnajua maneno ya namna hii yanavyokimbia. Wageni wale walikuwa hapo miaka michache tu. Jina lao likiharibika, hakuna mzazi atakayeleta binti, na kazi yote imekwisha.

Lioba alifanya nini? Kwanza aliwaita masista wote akawaeleza jambo lote, hakuna aliyeachwa asikie njiani. Pili alimwita Agatha arudi mara moja. Agatha akaja, akalia, akajitetea mbele ya wenzake. Lioba hakumtoa Agatha ili kuwanyamazisha watu. Tatu, waliingia kanisani wote, wakasimama mikono imenyoshwa kama msalaba mpaka wakamaliza Zaburi zote 150. Kisha mara tatu kwa siku wakatoka na msalaba kuzunguka monasteri, mbele ya macho ya watu wote. Hawakujificha.

Mchana, walipokuwa wanaelekea mzunguko wa tatu na watu wamekusanyika, Lioba akasimama altareni akalia na kumwomba Mungu awaondolee aibu ile. Mara yule msichana akaanza kupiga kelele kama mtu aliyezungukwa na moto, akamwita Lioba kwa jina, akakiri aliyoyafanya. Watu wakastaajabu, masista wakalia kwa furaha, na jina la nyumba likasimama kuliko mwanzo.

Mwandishi wa zamani anaongeza kwamba msichana yule hakupata nafuu tena maisha yake yote. Sisi tukisoma leo tunasikitika. Alikuwa maskini, mlemavu, peke yake nje ya lango, na baba wa mtoto hatajwi popote. Nyumba iliokoka, lakini si vizuri kusoma habari hii tukamsahau yeye.

Yapo mengine yanayosimuliwa. Moto ulipoteketeza nyumba za kijiji, watu walimkimbilia Lioba kwanza. Dhoruba kubwa ilipowatia hofu, walijazana kanisani alimokuwa. Sista aliyekuwa mahututi, Williswind, alilishwa maziwa kwa kijiko kidogo cha Lioba mwenyewe mpaka akapona. Watu walikuwa wamejua mlango wa kubisha.

KUAGANA NA BONIFASI

Mwaka 754 Bonifasi, mzee kabisa, aliamua kwenda Frisia, Uholanzi ya leo. Alijua huenda asirudi. Akamwita Lioba, akamsihi asiiache nchi ya ugenini hata akichoka. Akamkabidhi kwa askofu Lull na kwa wamonaki wazee wa Fulda, akaagiza kwamba Lioba akifa azikwe kaburi moja naye. Kisha akampa joho lake la kitawa. Tarehe 5 Juni mwaka huo aliuawa huko Dokkum pamoja na wenzake wengi.

Fulda ilikuwa monasteri ya wanaume ambamo mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga. Lioba peke yake aliruhusiwa kuingia kusali kaburini kwa Bonifasi. Alikuja mchana na sista mmoja mzee, wengine wakimngoja nje, na kabla ya usiku akatoka.

Wakubwa nao walimheshimu. Maaskofu walimwita kwa mashauri. Mfalme Charlemagne alimwalika mara nyingi, na malkia Hildegard alimpenda kama roho yake, akataka akae naye ikulu. Lioba hakuyapenda maisha ya ikulu. Alikwenda alipoitwa, akarudi kwa masista wake.

Uzeeni alihamia Schornsheim, karibu na Mainz, akaishi kwa sala. Malkia alimwita mara ya mwisho waonane. Alikwenda, wakakumbatiana, akamuaga akijua hawataonana tena duniani. Baada ya muda mfupi akaugua, akafariki tarehe 28 Septemba, kiasi cha mwaka 782. Alikuwa na miaka zaidi ya 70.

Wamonaki walimpeleka Fulda, lakini waliogopa kulifungua kaburi la Bonifasi. Wakamzika upande wa kaskazini wa altare. Baadaye, katika karne ya 9, mabaki yake yalihamishiwa kanisa la Petersberg, kilima kilicho karibu na Fulda, na hapo ndipo anapokumbukwa mpaka leo. Agizo la kaburi moja halikutimizwa.

NANI ALITUNZA HABARI HIZI?

Tungejuaje haya yote? Masista wanne waliokuwa wanafunzi wake, Agatha, Tekla, Nana na Eolioba, walisimulia waliyoyaona. Mmoja wao, Agatha, ana jina lile lile la sista aliyesingiziwa. Padre mmoja jina lake Mago aliwauliza na kuandika kwa kifupi katika vipande vya ngozi, akafariki kabla ya kupanga. Kiasi cha mwaka 836, miaka zaidi ya 50 baada ya Lioba kufa, mmonaki Rudolf wa Fulda akavikusanya vipande hivyo akaandika kitabu. Bila mama wale wanne kukumbuka na kusema, na bila mtu kuandika, Lioba angebaki jina tu.

Kazi yenyewe haikuishia hapo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto waliyoishi ndiyo waliyokuja nayo Wabenediktini kutoka Ujerumani waliofika Pugu mwaka 1888 na kuanzisha Peramiho mwaka 1898. Uzi ule wa zambarau umefika mbali.

TUJIFUNZE NINI?

1. Mtunza funguo aseme mapema, na viongozi wasikilize kabla ya kulaumu.

2. Tukisingiziwa, tusimtoe mwenzetu sadaka ili watu wanyamaze. Tuitane, tuambiane ukweli, tutoke mchana.

3. Anayejua amfundishe asiyejua, kisha amwachie aende akafundishe wengine. Yule anayejua kusoma daftari la mahesabu peke yake si hazina ya kikundi, ni hatari ya kikundi.

4. Mchango mdogo usidharauliwe. Bugga aliona haya kwa solidi zake 50, na bado zinatajwa baada ya miaka 1,300.

5. Tuandike. Mama zetu waasisi wangali hai na wanakumbuka siku tulipoanza. Tuwaulize sasa, tusingoje vipande vya ngozi.

Mwisho, mwenzetu mwenye binti au mjukuu aitwaye Lioba, amsomee kurasa hizi jioni moja. Ajue jina lake lina maana ya mpendwa, na kwamba wa kwanza kuitwa hivyo alilifanyia kazi.